Kubadili Word kuwa PDF na PDF kuwa Word mtandaoni: mwongozo kamili kwa waliochoka kurudishiwa faili

Malalamiko ni yaleyale kila wiki. "Nimegeuza CV kuwa PDF, picha imerukia ukurasa wa pili." "Mfumo unakataa barua yangu, unasema aina ya faili si sahihi." "Nimegeuza PDF kuwa Word lakini siwezi kufuta hata herufi moja."

Wanaouliza huwa wameshajaribu tovuti tatu nne, wakiamini tovuti ndiyo mbovu. Mara nyingi sivyo. Kosa limo ndani ya waraka kabla haujapakiwa, au mtu hajui faili aliloshika ni la aina gani. Kitufe cha kubadilishia ndicho sehemu nyepesi kuliko zote, kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mrefu kwenye yale yanayotangulia kitufe.

## Andaa hivi kwanza

- Faili asilia, pamoja na nakala yake. Utafanyia kazi nakala. La asilia usiliguse.
- Kivinjari cha kisasa: Chrome, Edge, Firefox au Safari. Simu inatosha kwa Word kwenda PDF. Kwa PDF kwenda Word, tafuta kompyuta, hata ya kuazima.
- Akaunti ya Google au ya Microsoft. Zote za bure. Google inakupa nafasi ya GB 15, Microsoft GB 5.
- Bando la kutosha. Faili linapanda, kisha linashuka, kwa hiyo hesabu mara mbili. Barua tupu haifiki hata MB moja. CV yenye picha na vyeti inaweza kufika MB kadhaa.
- Maelekezo ya anayepokea, yakiwa wazi mbele yako: anataka aina gani ya faili, na ukubwa usizidi kiasi gani.

## Hatua ya 1: Tambua faili ulilonalo

Tazama herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili. Windows huzificha. Kwenye Windows 11 fungua kabrasha lolote, bonyeza "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Kwenye simu, bonyeza faili kwa muda mrefu utazame maelezo yake.

Hizi ndizo utakazokutana nazo:

- .docx ni Word ya kuanzia 2007 mpaka leo.
- .doc ni Word ya zamani, ya 1997 hadi 2003.
- .odt ni ya LibreOffice na programu nyingine huria.
- .rtf ni muundo mkongwe ambao karibu kila programu ya kuandikia inaufungua.
- .pages ni ya kompyuta na simu za Apple.
- .pdf ni waraka uliokwisha kupangwa, wa kusomwa na kuchapishwa.

Sasa onyo ambalo lingeokoa nusu ya wanaohangaika: kubadili jina si kubadili faili. Ukiifuta "docx" ukaandika "pdf", umebadilisha kibandiko tu. Ndani ya faili la .docx kuna kifurushi cha zip, na baiti zake mbili za kwanza ni herufi PK. Faili la PDF huanza na alama %PDF. Mfumo wa kupokelea maombi unaweza kusoma mwanzo huo badala ya kusoma jina, na ndiyo maana unakujibu "aina ya faili si sahihi" ilhali wewe unaona limeandikwa .pdf.

Kwa sababu hiyohiyo, ukipakua waraka wa Word ukaja na jina linaloishia .zip, usishtuke wala usiufungue vipandevipande. Rudisha jina liwe .docx, utafunguka. Hapo ndipo pekee kubadili jina kunasaidia, maana faili lenyewe halikuwahi kubadilika.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa uhakika, "Nina .docx, nataka .pdf."

## Hatua ya 2: Jua ni PDF au Word inayotakiwa

Kama mtu atasoma, kuchapa au kuhifadhi tu, mpe PDF. Fonti hufungwa ndani yake na kila mstari hukaa palepale, uifungulie Kigoma au Muscat. Barua ya maombi, CV, ankara na mkataba uliokamilika ni PDF.

Kama mtu ataandika juu yake, kuusahihisha au kuujaza, mpe Word. Msimamizi wa tasnifu anayetaka kuweka maoni pembeni hafurahii PDF. Mhariri pia.

Kama hujaambiwa, tuma PDF na ubaki na Word yako. Wapo wanaogeuza waraka kuwa PDF kisha wanafuta Word "kuokoa nafasi", halafu mwezi ujao wanarudi kutafuta namna ya kuirudisha. Inarudi, lakini hairudi ilivyokuwa. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Safisha waraka kabla ya kuubadili

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

### Ondoa nafasi za kusukumia maneno

Fungua CV yako kwenye Word ya kompyuta na ubonyeze alama ya ¶ iliyo kwenye upau wa juu. Ukiona nukta ndogo zimejipanga kama siafu kati ya jina la shule na mwaka, aliyeandika alikuwa anabonyeza kitufe cha nafasi mpaka mwaka ufike kulia. Kwenye kompyuta yake ulikaa sawa. Fonti ikibadilika kidogo tu, kila nafasi inapata upana mwingine, na miaka inapinda kama barabara ya Lushoto.

Futa nukta zote hizo. Weka jedwali la safu mbili, kushoto maelezo, kulia mwaka, kisha ondoa mistari ya jedwali isionekane. Au tumia kitufe cha Tab pamoja na alama ya kusimamia kwenye rula.

Kasoro ndugu yake ni kubonyeza Enter mara kumi na nne ili ukurasa uishe. Futa hizo Enter zote, weka kishale mahali ukurasa mpya unapoanzia, bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Sasa ukurasa utakatika hapo siku zote, hata fonti ikibadilika.

### Angalia karatasi

Sisi tunachapa kwenye A4, yaani milimita 210 kwa 297. Violezo vingi vya CV vinavyopakuliwa vimetoka Marekani, na wao hutumia Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279: pana kidogo, fupi kidogo. Ukibadili waraka wa Letter kuwa PDF, mashine ya steshenari itaubana au kuukata pembeni.

Kwenye Word nenda "Layout", "Size", uchague A4. Kwenye Google Docs nenda "File", "Page setup". Fanya hivi *kabla* ya kurekebisha kingine chochote, kwa sababu ukibadilisha karatasi mwishoni utaanza upya kupanga kurasa.

### Fonti

Programu inayobadili waraka ikikosa fonti yako, inaweka nyingine bila kukuambia. Fonti ngeni ikiwa pana zaidi, mistari inaongezeka, ukurasa mmoja unakuwa ukurasa mmoja na mistari miwili, na hiyo miwili ndiyo wadhamini wako.

Dawa ni kutumia fonti zinazojulikana kila mahali: Times New Roman, Arial, Calibri. Programu huria nyingi huweka Carlito mahali pa Calibri na Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Fonti hizo zilitengenezwa zikiwa na upana uleule wa herufi, hivyo mistari haihami. Fonti ya mapambo uliyoipakua kwa ajili ya kadi ya harusi iache kwenye kadi ya harusi.

Kama waraka una maneno ya Kiarabu, kwa mfano Bismillahi juu ya barua ya madrasa au mwaliko wa maulidi, hakikisha umeyaandika kwa kibodi ya Kiarabu na kwamba aya hiyo imewekwa isomeke kulia kwenda kushoto. Vinginevyo herufi zinaweza kuachana au sentensi ikageuka nyuma mbele baada ya kubadilishwa. Sehemu hiyo ikague herufi kwa herufi.

### Picha na visanduku

Picha ya pasipoti iliyo kwenye CV ndiyo mtoro mkubwa. Ibonyeze, chagua "In Line with Text", kisha iweke ndani ya seli ya jedwali. Picha inayoelea juu ya maandishi hukaa popote programu nyingine itakapoamua. Visanduku vya maandishi na maneno ya kupindapinda yana tabia hiyohiyo. Google Docs huvichukua vibaya kuliko Word.

### Maoni na masahihisho

Kama waraka ulipita mikononi mwa watu, nenda "Review", kubali masahihisho yote kwa "Accept All Changes", na futa maoni yote ya pembeni. Yasipoondolewa yanaweza kutokea kwenye PDF. Hakuna anayetaka mwajiri asome "hapa ongeza chumvi kidogo" pembeni mwa uzoefu wake wa kazi.

Umefaulu ikiwa: ukibonyeza ¶ huoni misururu ya nukta wala Enter zilizorundikana, karatasi ni A4, na picha haiendi popote hata ukiongeza mstari juu yake. Andika pembeni waraka una kurasa ngapi. Namba hiyo utaihitaji.

## Hatua ya 4: Word kwenda PDF

Kuna njia tatu nzuri. Chagua moja kulingana na ulichonacho mkononi.

Njia ya kwanza, Word ya mtandaoni. Kama waraka uliandikwa kwenye Word, anza hapa, kwa sababu Word inaijua Word kuliko mgeni yeyote.

1. Ingia OneDrive kwa akaunti yako ya Microsoft, pakia faili.
2. Lifungue; litafunguka kwenye Word ndani ya kivinjari.
3. Bonyeza "File", kisha "Export" (kwenye baadhi ya matoleo iko chini ya "Save As"), kisha "Download as PDF".
4. Subiri, kisha pakua.

Njia ya pili, Google Docs. Nzuri kwa barua na ripoti zisizo na mbwembwe.

1. Ingia Google Drive, pakia faili, lifungue kwa Google Docs.
2. Pitia kurasa zote kwa macho *kabla* ya kubadili. Ukiona jedwali limevunjika hapa, kwenye PDF litavunjika vilevile.
3. Bonyeza "File", "Download", kisha chagua PDF. Kama umeweka Kiswahili kwenye akaunti yako, maneno hayo yatasomeka "Faili" na "Pakua".

Njia ya tatu, simu. Kwenye programu ya Google Docs ya Android, fungua waraka, gusa nukta tatu za juu, chagua "Share & export", kisha "Save as", kisha PDF. Au tumia kuchapa: chagua "Print", na mahali pa kuchagua mashine weka "Save as PDF".

Tahadhari kuhusu hiyo ya kuchapa: inatoa PDF inayofanana na karatasi, lakini viungo vya kubonyeza vinaweza kufa, na vichwa vya sura havigeuki kuwa orodha ya pembeni. Kwa barua haijalishi. Kwa tasnifu yenye kurasa mia, tumia njia ya kwanza.

Umefaulu ikiwa: jina linaishia .pdf, kurasa ni zilezile ulizoandika pembeni, na ukishika neno kwa kidole au kipanya linachaguliwa kama maandishi. Likikataa kuchaguliwa, umetengeneza picha ya waraka, rudia.

## Hatua ya 5: PDF kwenda Word

Punguza matarajio kabla ya kuanza. PDF haihifadhi aya. Inahifadhi maagizo ya mahali: herufi hii ikae hapa, ile ikae pale. Programu inayoirudisha kuwa Word inakisia aya inaishia wapi, jedwali lina safu ngapi, kichwa ni kipi. Inakisia vizuri kwa barua, vibaya kwa fomu, na vibaya kabisa kwa gazeti lenye safu tatu.

### Kwanza, jaribio la kidole

Fungua PDF, jaribu kuchagua sentensi moja.

Ikichagulika, PDF yako ina maandishi ya kweli. Isipochagulika, au ukurasa wote ukigeuka buluu kwa mpigo, una picha: mtu aliuskani waraka. Njia zake ni mbili tofauti, na kuchanganya hizi mbili ndiko kunakozaa lile lalamiko la "siwezi kufuta hata herufi".

### PDF yenye maandishi

1. Pakia kwenye OneDrive, ifungue kwa Word ya mtandaoni, na ikikuuliza kama iibadili, kubali. Au pakia Google Drive, ibonyeze kulia, chagua "Open with", kisha Google Docs.
2. Hifadhi au pakua kama .docx.
3. Ifungue kwenye Word ya kompyuta, bonyeza ¶.

Mara nyingi utakuta kila mstari umekuwa aya yake yenyewe. Usikae kuunganisha mmoja mmoja. Kama kati ya aya na aya kuna mstari mtupu, fanya hivi kwa Ctrl na H:

- Tafuta `^p^p`, badilisha kwa `@@`.
- Tafuta `^p`, badilisha kwa nafasi moja.
- Tafuta `@@`, badilisha kwa `^p`.

Alama ^p ni mwisho wa aya kwa lugha ya Word. Hatua ya kwanza inazificha aya za kweli, ya pili inaunganisha mistari iliyokatwa, ya tatu inazirudisha aya. Fuata mpangilio huo. Ukianza na ya pili, waraka wote unakuwa aya moja ndefu. Chagua sehemu ya maandishi peke yake, uyaache majedwali na vichwa nje. Kama mistari imekatwa kwa kishale kidogo kilichopinda badala ya ¶, alama yake ni `^l`.

Jedwali lililofika limesambaratika, usilikarabati. Tengeneza jipya, nakili namba. Ni haraka zaidi, na huhatarishi namba kuhamia safu ya jirani.

### PDF iliyoskaniwa

Hapa unahitaji programu isome picha na kuigeuza herufi. Google Drive hufanya hivyo bila malipo:

1. Hakikisha ukurasa umesimama wima, mwanga ni sawa pande zote, herufi hazina ukungu. Google wenyewe wanashauri faili lisizidi MB 2 na herufi ziwe na kimo cha angalau pikseli 10.
2. Pakia Drive kwa kompyuta. Bonyeza kulia, "Open with", Google Docs.
3. Subiri. Maandishi yatatokea kwenye waraka mpya.
4. Linganisha neno kwa neno na karatasi.

Hatua hiyo ya nne haina njia ya mkato, na Kiswahili kina mitego yake. Kibainishi cha *ng'* hupotea: ng'ombe anakuwa *ngombe*, kung'oa inakuwa *kungoa*. *Ilala* inageuka *llala*, kwa sababu I kubwa na l ndogo zinafanana kwenye fonti nyingi. Herufi r na n zikikaribiana husomwa m. Zaidi ya yote kagua tarakimu: sifuri na herufi O, moja na l, tano na S. Namba ya kiwanja, ya akaunti au ya kitambulisho isome kwa sauti, tarakimu moja moja, mtu mwingine akiwa ameshika karatasi.

Majedwali, safu na tanbihi kwa kawaida havitambuliwi. Kama waraka ni ukurasa mmoja wenye jedwali, kuuchapa upya kwa mkono ndiyo njia ya mtu mwenye akili.

Cheti cha shule hakihitaji safari hii kabisa. Cheti kinabaki PDF ya picha, kinatumwa hivyo. Usiruhusu mtu akugeuzie cheti kuwa Word; hakuna sababu halali ya kukihariri.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuongeza neno katikati ya aya na mistari ikajipanga yenyewe mpaka mwisho wa aya.

## Hatua ya 6: Aina nyingine, kwa ufupi

.doc kwenda .docx: fungua kwa Google Docs, kisha "Download", Microsoft Word. Hata Word ya mtandaoni inataka kwanza kuligeuza .doc ndipo ikuruhusu kuandika.

.odt kwenda .docx, na kinyume chake: Google Docs inapokea na kutoa zote mbili. Kagua namba za orodha na kijachini cha ukurasa. Hivyo ndivyo huteleza.

.pages: ambaye hana Apple hawezi kuifungua moja kwa moja. Ingia iCloud kwa kivinjari, fungua Pages, pakia, kisha pakua kama Word au PDF. Rahisi kuliko hapo ni kumwomba aliyetuma akutumie PDF.

.txt: maandishi matupu. Herufi nene, picha na majedwali vyote vinakufa. Tumia ukitaka maneno peke yake.

## Hatua ya 7: Tovuti za kubadilishia, na lini usizitumie

Zipo zinazojulikana: iLovePDF, Smallpdf, CloudConvert. Zinafaa unapotaka kuunganisha PDF kadhaa kuwa moja, kugeuza mafaili mengi kwa mpigo, au huna akaunti. Andika jina la tovuti mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze tangazo la kwanza kwenye matokeo ya utafutaji.

Sababu ipo. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kubadili mafaili ambazo zinafanya kazi uliyoiomba, lakini faili unalorudishiwa linakuja na programu hasidi, au taarifa zilizomo kwenye waraka wako zinachotwa. Mtu hashtuki kwa sababu PDF yake ameipata.

Kanuni za kulinda ngozi yako:

- Uliomba PDF, pokea .pdf. Ikija .exe, .apk, .msi au .js, futa bila kufungua. Zip ni halali pale tu ulipopakia mafaili mengi.
- Tovuti ikikulazimisha usakinishe programu au kiendelezi cha kivinjari ndipo upate faili lako, ondoka.
- Kitufe kikubwa cha kijani chenye neno "Download" mara nyingi ni tangazo. Cha kweli huwa na jina la faili lako karibu yake.
- Ikikuomba nywila ya barua pepe au namba ya kadi kwa kazi ya bure, funga ukurasa.

Kisha kuna nyaraka ambazo hazipaswi kupanda kwenye tovuti hizi hata zikiwa za kuaminika: nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati ya mshahara, majibu ya hospitali, mkataba, orodha ya wateja au wanafunzi. Ukipakia, nakala imetoka mikononi mwako na kukaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, pengine nchi nyingine. Kama taarifa ni za watu wengine, si uamuzi wako peke yako: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinagusa suala la kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Karani wa ofisi anayepakia orodha ya mishahara kwenye tovuti asiyoijua anaiweka ofisi pabaya.

Nyaraka za namna hiyo zibadilie ndani ya kompyuta yako. LibreOffice ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inatoa PDF kwa "File", "Export As". Word ya kompyuta nayo ina "Save As" yenye PDF.

Na kama unatumia kompyuta ya steshenari au saiba: fungua dirisha la faragha la kivinjari, toka kwenye akaunti ukimaliza, futa faili kwenye kabrasha la Downloads, kisha limwage pipa la takataka. Ukimtumia mhudumu faili kwa WhatsApp, linabaki kwenye simu au kompyuta yake. Mwombe alifute ukiwa bado umesimama pale.

## Hatua ya 8: Faili likizidi ukubwa

Uzito karibu wote huwa ni picha. Maandishi hayana uzito wa kusema.

Rudi kwenye Word asilia. Bonyeza picha, nenda "Picture Format", "Compress Pictures", chagua 150 ppi, na ukubali kufuta sehemu zilizokatwa. Kisha toa PDF upya. Njia hii inaacha maandishi makali, tofauti na kuiminya PDF iliyokamilika, ambako mhuri na saini huanza kuwa na ukungu.

Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu ni vizito bila sababu. Viskani upya kwa rangi ya kijivu, dpi 200, ukate meza na mkeka vilivyoonekana pembeni. Ukituma kwa WhatsApp ili uvihamishie kompyuta, tuma kama waraka, si kama picha, la sivyo WhatsApp itavibana na mhuri hautasomeka.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kutuma

Fungua faili kwenye kifaa ambacho hukulitengenezea. Kama ulitumia kompyuta, jitumie kwenye simu. Kompyuta yako ina fonti zako, kwa hiyo inaweza kukuficha kosa.

Angalia idadi ya kurasa, ukurasa wa mwisho, picha, kila jedwali, na viungo kwa kuvibonyeza. Tafuta jina lako kwa kisanduku cha utafutaji. Likipatikana, maandishi ni ya kweli. Kisha lipe faili jina la kueleweka, lisilo na mabano wala alama za ajabu: *Barua_ya_Maombi.pdf*, si *barua mpya FINAL kabisa (3).pdf*. Mifumo mingine hukataa faili kwa sababu ya jina tu.

## Ukikwama

"Mfumo bado unakataa PDF yangu." Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: ukubwa, jina, nywila. PDF yenye nywila hukataliwa na mifumo mingi, hata kama wewe unaifungua bila kuulizwa kwa sababu kifaa chako kinaikumbuka.

"Herufi zimegeuka visanduku." Fonti haikufungwa ndani. Rudi kwenye Word, badilisha fonti iwe Times New Roman au Arial, toa PDF upya.

"Kila kitu kiko sawa ila kuna ukurasa mweupe mwishoni." Kuna Enter moja baada ya jedwali la mwisho, na Word haikuruhusu kuifuta. Ichague, ipunguze iwe na ukubwa wa fonti 1, ondoa nafasi ya juu na chini ya aya. Ukurasa mweupe utatoweka.